Gari Lililopambwa na Aibu Iliyofichwa

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuliona tangazo la namna hii, ama limebandikwa ukutani, ama kijana wako amekuonyesha katika simu yake. Gari linauzwa. Ni la Kimarekani, la miaka ya 1950, limepakwa rangi mpya, limeshushwa karibu na ardhi, viti ni vya ngozi, rimu zinang'aa kama sinia la harusi. Bei ni maelewano. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: linauzwa kama lilivyo.

Kwetu Kinondoni na Temeke magari ya Kimarekani ya umri huo ni nadra, lakini tangazo lenyewe si nadra hata kidogo. Liondoe jina la Chevrolet, weka Mark II au Altezza iliyoteremshwa bandarini kutoka Japani, na maneno yaliyobaki yatakuwa yale yale, pamoja na hayo ya mwisho. Ni hayo ya mwisho ninayotaka kugombana nayo leo.

Kwanza nitoe haki. Mimi si katika wale wanaodhani kila king'aacho kimetoka kwa Iblisi. Gari kuukuu lililotunzwa kwa mikono ya fundi mwenye kuijua kazi yake ni kitu kizuri, na mwenye kukipenda hana dhambi. Huko California mtindo huu wa kushusha magari uliota mizizi miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Serikali ya huko haikuupenda, na mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kukataza gari ambalo bodi yake imeteremka chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Mwaka uliofuata, 1959, kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga pampu za mafuta katika Corvette yake, akawa analinyanyua gari na kulishusha atakavyo, sheria ikabaki inamtazama. Katazo lile lilidumu miaka mingi, hata likafutwa kwa sheria iliyotiwa saini 2023 na kuanza kutumika Januari 2024.

Waweza kuucheka upuuzi huo, nami sikukatazi. Lakini zingatia jambo moja. Katika maonyesho yao, wenye magari hayo huacha boneti wazi, na wengine huweka kioo uvunguni ili mtazamaji aone mpaka tumboni mwa gari. Mapambo yale yamefanywa ili yaonekane pamoja na kilicho chini yake. Je, haya yetu?

Yetu aghalabu ni ya kufunika. Mji wetu uko baharini, na hewa ya chumvi haina urafiki na chuma. Kutu huanzia chini ya milango na katika sakafu, mahali ambapo jicho halifiki. Kulitengeneza gari kwa haki ni kukata bati lililooza na kuchomelea jipya, kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Basi kinachofanyika ni kupiga puti juu ya tundu, msasa, kisha rangi, na kufika jioni mlango unameremeta. (Wamarekani nao, kabla ya puti ya kisasa, walikuwa wakijaza mabonde ya bodi kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ujanja haukuzaliwa Dar es Salaam.) Springi hukatwa ili gari likae chini, na anayeziona humwambiwa ni mtindo. Kilomita hurudishwa nyuma. Injini iliyochoka hutiwa oili nzito ili isitoe moshi siku ya majaribio. Mamlaka ya kodi huliita gari kama hilo chakavu na kulitoza kwa uchakavu wake. Dalali huliita antiki na kulipandishia bei kwa uchakavu ule ule.

Na mnunuzi ni nani? Usidhani ni tajiri wa Masaki. Ni mstaafu wa Mbagala ambaye kiinua mgongo chake chote kimo katika bahasha, anataka gari la kukodisha kwa maharusi. Ni mama wa Magomeni aliyeuza bangili zake ili mwanawe apate kazi ya udereva. Gari hilo ndilo litakalochukua watoto wa watu katika Barabara ya Kilwa, kati ya malori, na kama ni la Kimarekani hasa, usukani wake uko kushoto, hata dereva hawezi kuona mbele ya lori mpaka nusu ya gari imekwisha kutoka njiani. Breki zikikataa hapo, hakuna atakayeuliza rimu zilikuwa za aina gani.

Muuzaji atajibu: "Mimi nilisema mapema, kama lilivyo. Alitazama kwa macho yake akaridhika." Naam, hii ndiyo ngome yake. Tuitazame.

Wanavyuoni wetu waliijadili zamani sana. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za pwani hii, muuzaji anayejivua dhamana ya aibu zote za mali yake hasalimiki nazo zote. Katika kauli yenye nguvu, husalimika na aibu moja tu: ile ya ndani, katika mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni dhahiri. Mnyama ana uhai, hula na kubadilika, na maradhi yaweza kuwa tumboni mwake bila ya bwana wake kujua. Sasa niambie, gari ni mnyama? Puti ilijipaka yenyewe usiku? Springi zilijikata? Aliyemlipa fundi anajua pahali hasa pa kila tundu, na maneno "kama lilivyo" hayamwokoi.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abdullah bin Umar, katika zama hizo za utumwa, alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akadai kulikuwa na ugonjwa. Sayyidna Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa aliuza bila ya kuujua ugonjwa huo. Akakataa kuapa, akamrudisha mtu wake. Baadaye mtumwa yule akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Tazama basi: mtu wa daraja ile hakulifanya sharti lake kuwa ngao, na madalali wetu wanajificha nyuma yake kila siku.

Ama hoja ya kwamba mnunuzi alitazama, jibu lake liko katika ngamia. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi amdhanie ana maziwa mengi. Aliyemnunua mnyama huyo alimtazama pia, na kiwele alikiona. Juu ya hayo alipewa hiari, akishamkama, ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Macho yaliyohadaiwa kwa makusudi hayahesabiwi kuwa yameona. Tena siku hizi hata yule fundi anayeletwa na mnunuzi kulikagua gari huwa amekwisha ahidiwa cha juu na dalali.

"Nikizitaja aibu, bei itaanguka." Itaanguka, ndiyo. Sehemu itakayoanguka ndiyo ile uliyotaka kuichukua kwa yule mstaafu bila ya kumpa kitu.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda kununua, usitosheke na rangi. Mnapoandikiana mbele ya mashahidi, mwambie muuzaji aandike kwa mkono wake aibu zote anazozijua, atie sahihi chini yake. Akikataa kuandika, rudi na bahasha yako nyumbani. Na kabla ya kufika huko, chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe polepole chini ya milango na pembeni mwa matairi. Penye bati itashika. Penye puti nene itaanguka mkononi mwako.