Kisu cha Sandukuni

Kisu ni chombo cha kukata. Mtoto hulijua jambo hili kabla ya kujua kusoma, na mpishi hulishuhudia kila siku. Lakini katika zama zetu wako watu, wala si wachache, wanunuao visu ili visikate kamwe. Visu hivyo ni nakala za visu mashuhuri vya kale. Hutengenezwa kwa idadi maalumu, na aghalabu kila kimoja hutiwa nambari yake, kikalazwa juu ya kitambaa laini ndani ya kisanduku, pamoja na hati ya kushuhudia uhalali wake. Bei yake huzidi mara nyingi bei ya kisu cha kila siku cha mtengenezaji yule yule. Mnunuzi hukipokea, hukitazama, hukirudisha kisandukuni, na kazi ya kisu hicho duniani imekwisha. Wenye desturi hii huiita kukusanya hazina. Mimi nasema kuwa hazina hiyo ni tupu, na yanipasa kutoa hoja zangu.

Nisije nikadhaniwa kusema ovyo, nitachukua mfano wa kisu kimoja kijulikanacho dunia nzima, nacho ni kisu cha kukunja cha Uswisi. Mwaka 1884 mfua visu mmoja aitwaye Karl Elsener alifungua karakana katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz. Uswisi ya wakati ule haikuwa nchi ya utajiri kama ilivyo leo. Watu wengi waliihama ili kutafuta riziki ng'ambo. Elsener alitaka kuwapatia kazi watu wa kwao. Jeshi la nchi hiyo nalo lilikuwa na haja yake. Askari walipewa bunduki mpya ya mwaka 1889 ambayo haikuweza kufunguliwa bila bisibisi, na chakula chao kilitiwa katika makopo. Basi ikatakiwa zana moja ya kutosha haja zote: kisu, bisibisi, kifungulia makopo na kitobolea ngozi, vyote vikikunjwa ndani ya mpini mmoja wa mbao.

Visu vya kwanza vya askari hao vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa kuwa Uswisi haikuwa na kiwanda cha kutosha kazi hiyo. Mwaka 1891 Elsener akaanza kupeleka vyake. Ushindani ulikuwa mkali, maana viwanda vya Solingen vilikuwa vikubwa na bei zao zilikuwa nafuu. Elsener alikaribia kufilisika, na lau si msaada wa jamaa zake jina lake lingesahauliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1897 akasajili kisu kipya, chepesi kuliko cha kwanza, chenye bapa dogo la pili na kizibuo cha chupa. Kiliitwa kisu cha maofisa. Jeshi halikukigawa kisu hicho kwa watu wake, ila maofisa walikinunua wenyewe kwa fedha zao, kwa sababu kiliwafaa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo hapakuwa na hati, wala nambari, wala kisanduku cha fahari.

Sasa tazama mwisho wa hadithi hii. Mwaka 2022, miaka 125 baada ya kisu kile kusajiliwa, kampuni iliyotokana na karakana ya Elsener, yaani Victorinox, ilitoa nakala yake kwa idadi maalumu. Zana iliyobuniwa ili iwe nyepesi, ifae, na ichukuliwe mfukoni kila siku, ikarudi ulimwenguni ikiwa pambo la kabati. Simlaumu mwuzaji, kwa maana biashara haigombi, na kampuni hiyo ingali inatengeneza visu vya kazi ambavyo watu wa kawaida huvinunua na kuvitumia. Lawama yangu ni kwa mnunuzi adhaniye kuwa amenunua historia. Historia ya kisu cha 1897 ni kukata, kufungua na kuzibua. Nakala isiyokata wala kufungua wala kuzibua ina sura ya kisu kile, lakini haina maisha yake.

Hoja kubwa ya wakusanyaji ni uadimu. Wasema, "Viko vichache, kwa hiyo vina thamani." Neno hili lahitaji kuchunguzwa, kwa sababu uadimu ni wa namna mbili. Kuna uadimu uletwao na wakati, na kuna uadimu uletwao na amri. Visu vya askari wa 1891 ni adimu leo kwa kuwa vilitumika. Vingine vilipotea safarini, vingine vilinolewa hata vikawa vyembamba kama unyasi, vingine viliingia kutu na kutupwa. Kila kimoja kilichosalia kimeokoka katika ajali nyingi. Lakini nakala ya idadi maalumu ni adimu kwa kuwa mtu mmoja mezani aliamua idadi yake. Mtambo uliotengeneza elfu moja ungaliweza kutengeneza elfu mia. Chemchemi iliyokauka kwa kiangazi na mfereji uliofungwa na mwenyewe havifanani, hata kama vyote viwili havitoi maji.

Tena, si kweli kwamba uadimu peke yake ndio uletao thamani. Stempu ya kwanza ya kubandikwa duniani ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Zilichapwa zaidi ya milioni 68, na nyingi zipo hata leo. Hata hivyo wakusanyaji wa stempu huitamani, kwa maana ndiyo iliyofungua njia kwa stempu zote za dunia, na kila moja iliyopigwa mhuri ilibeba barua ya mtu kwa mtu. Ilifanya kazi kwanza, ndipo ikaheshimiwa. Vitu vitengenezwavyo ili viheshimiwe kabla ya kufanya kazi yoyote vyaomba mshahara bila jasho.

Atasema mwingine, "Je, nakala hazina faida yoyote? Mbona makumbusho zinazo?" Swali hili ni la haki, nami nalijibu kwa furaha. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kutafuta mabaki ya kale, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kutokana na kipande hicho yakapatikana mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa halisi huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, nazo nakala zake hutumika mahali pengi duniani kwa mafunzo na maonyesho. Nakala ya namna hiyo ni mtumishi wa elimu: hukubali kushikwa, kupimwa na kuzungushwa huku na huku, ili mwenziwe asidhurike. Lakini nakala ya kisu iliyofungiwa sandukuni haimlindi mtu wala haimfundishi mtu. Mwenyewe hathubutu hata kuikunjua, asije akaacha alama ya kidole na kupunguza bei.

Neno hilo la bei ndilo hoja yao ya pili. Hudai kwamba kisu kitapanda thamani, na kwamba kukiweka ni sawa na kuweka akiba. Na tupige hesabu. Tuseme mtu amenunua nakala kwa shilingi 40,000. Ili apate faida, yahitajiwa atokee mtu wa pili aliye tayari kutoa zaidi ya fedha hizo kwa kisu ambacho naye hatakitumia. Mtu wa pili naye atamtegemea wa tatu, na wa tatu wa nne. Katika safu hiyo yote hamna hata mmoja anayekihitaji kisu chenyewe. Kila mmoja anamhitaji yule wa nyuma yake. Siku safu itakapokatika, wa mwisho atabaki na kisanduku mkononi. Mbuzi huzaa, shamba hutoa mavuno, cherehani hushona nguo za kuuza. Kisu cha sandukuni hakizai wala hakishoni. Na kwa kuwa wote walionunua wamevitunza vivyo hivyo, bila kuvigusa, hata miaka hamsini ikipita vitakuwapo karibu vyote, vikingojea wanunuzi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo na nguvu kuliko zote. Wasema, "Fedha ni zangu, na furaha ni yangu, wewe wakuhusu nini?" Kweli, fedha ni zake, na simnyimi haki yake. Mtu aliyeshiba akitaka kujifurahisha kwa kisu kisichokata, na ajifurahishe. Lakini desturi haiishii nyumbani kwa tajiri. Kijana humwona mkubwa wake, naye huiga. Hawezi kununua kisu, wala kisu hakina mahali shuleni. Basi atatafuta viatu vilivyotolewa pea chache, au saa iliyotiwa nambari, na atamsumbua mzazi ambaye bado hajamaliza karo. Kidogo kidogo hujifunza kuuliza, "Viko vingapi?" badala ya kuuliza, "Chafaa nini?" Mtu akizoea swali la kwanza, amempa mwuzaji ufunguo wa mfuko wake, maana jibu la swali hilo hutungwa na mwuzaji mwenyewe.

Msomaji kijana, sikukatazi kukusanya. Kukusanya ni tabia njema ikiongozwa na akili. Makumbusho nyingi zilianza kwa mtu mmoja aliyekataa kutupa vitu. Lakini kusanya vitu vilivyoishi. Katika nyumba nyingi za nchi yetu kuna panga la babu lililonolewa hata likabaki nusu ya upana wake, au jembe ambalo mpini wake umelainishwa na mikono ya watu watatu kwa zamu. Uliza lilinunuliwa lini, lilifuliwa wapi, lilifyeka shamba gani. Andika majibu katika daftari ungali na watu wa kukujibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hazina hiyo haina idadi maalumu iliyotangazwa, lakini kila moja ni moja tu, na haitarudi ikipotea.

Na ukipata fedha za kununua kisu, nunua kizuri, kinoe, ukitumie jikoni na shambani kwa uangalifu. Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema kitu juu ya mwenye kisanduku.