Kabla ya kutengeneza apu ya foleni, lala usiku mmoja Malaba

Wewe kijana unayejua kutengeneza apu, tuanze na swali rahisi. Ukifika kwa kinyozi ukute watu wanane mbele yako, unafanya nini? Unamwambia, "Nipigie zamu yangu ikikaribia," kisha unaenda zako kutafuta chapo na madondo. Ukirudi, nafasi yako ipo.

Dereva wa trela hana bahati hiyo. Ametoka Mombasa, amepita mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye, na kufikia hapo ameshakula zaidi ya kilomita 800. Malaba, mpakani na Uganda, anakutana na mkia wa malori. Akienda kuoga, pengo likatokea mbele yake kwa dakika tano tu, mwingine ameshaingia. Kwa hivyo haendi. Anasinzia juu ya usukani, anasogea mita kumi, anasinzia tena. Trela lenyewe ndilo tiketi yake ya foleni, na tiketi haiachwi barabarani.

Si jambo dogo. Mwaka 2020, upimaji wa corona ulipokuwa lazima kwa madereva, foleni ya Malaba ilinyooka makumi ya kilomita. Januari 2022 ikarudi, na chanzo kikawa vipimo hivyo hivyo. Barabara hiyo ndiyo inayolisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Na kwa dereva anayelipwa kwa safari, siku tatu za kungoja ni siku tatu za kazi ya bure.

Sasa, tunajua unachowaza: hapa pana apu. Ni kweli. Lakini elewa kwanza apu inaweza nini na haiwezi nini.

Chukulia lango linapitisha malori 20 kwa saa. Malori 100 yakifika alfajiri kwa mkupuo, la mwisho litangoja saa tano, hata kama mchana lango litakaa bila kazi. Shida hapo ni mpangilio, na apu inaumudu: kila dereva apewe saa yake, asifike kabla ya wakati. Lakini kama malori 30 yanafika kila saa, mchana na usiku, hakuna apu duniani itakayoziba pengo hilo. Hapo dawa ni maafisa zaidi, njia zaidi, na makaratasi yaliyokamilika kabla lori halijang'oa nanga. Ukimwahidi dereva kwamba simu yake itamaliza foleni ya aina hiyo, unamdanganya.

Wapo waliojaribu wakafaulu. Tangu 2011, Estonia imekuwa na foleni ya kielektroniki kwenye mipaka yake na Urusi. Dereva huagiza nafasi mapema, hungoja kwenye uwanja maalumu wa kuegesha, kisha huitwa zamu yake ikifika. Ona vizuri: kinachosifiwa hapo si apu peke yake. Kuna uwanja, kuna vyoo, na kuna lango linaloheshimu namba. Ukiondoa hivyo, unabaki na picha nzuri kwenye skrini.

Ndiyo maana tunakuambia: funga laptopu, panda basi, nenda ukalale Malaba usiku mmoja. Keti na madereva kibandani, nunua chai, uliza. Utajifunza mambo ambayo hakuna hakathoni itakayokufunza.

Utagundua kwamba si kila dereva ana simu ya bei. Wengine wana kabambe, na mwenye simu janja huenda bando lake liliishia Eldoret. Basi zamu ipatikane pia kwa kubonyeza nyota na reli, bila intaneti, na ujumbe uje kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Zamu yako ni saa nane usiku. Anza safari saa saba." M-Pesa ilianza 2007 kwa simu za aina hiyo, ikawafikia watu ambao benki ilikuwa imewasahau. Hukuzaliwa jana, unajua tunachosema.

Utagundua pia kwamba foleni ina wenyewe. Kila mahali penye watu wengi wanaongoja, hutokea mtu wa kuuza nafasi ya mbele. Apu yako ikiruhusu afisa mmoja kuhamisha namba kimyakimya, umemtengenezea huyo mtu duka la kidijitali. Kila badiliko lionekane kwa wote: lori gani limepandishwa, saa ngapi, kwa nini. Mzigo wa dawa au maziwa ukipewa kipaumbele, sababu iandikwe wazi. Dereva anaweza kuvumilia kungoja. Kinachomchoma ni kuona aliyefika jana akipita kabla yake bila maelezo.

Jambo la mwisho ni usalama. Ukijua kila lori liko wapi na limebeba nini, umeshika habari ambayo mwizi angeilipia vizuri. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Isome kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, na usikusanye usichohitaji.

Haya yote hayataiwezesha apu yako kusimama peke yake. Forodha ya pande zote mbili, polisi na kaunti lazima wakubali kwamba namba iliyo kwenye simu ndiyo sheria langoni. Wasipokubali, dereva mwerevu ataifuta simuni na kurudi kulinda nafasi yake kwa bampa. Kwa hivyo sehemu ya kazi yako si ya kompyuta hata kidogo. Ni kubisha milango ya ofisi hadi mtu aseme ndiyo. Na wao wenye ofisi tunawaambia: kijana akibisha, mfungulieni.

Ukifaulu, usijipime kwa idadi ya waliopakua. Rudi Malaba saa tisa usiku, upite kando ya yale malori. Ukikuta injini zimezimwa, pazia zimefungwa, na dereva amelala fofofo akijua ataitwa, hapo utakuwa umefanya kazi.