Upepo wa Mtaa Ni Haki ya Wote

Joto linalowakosesha usingizi wakazi wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi halitokani na jua peke yake, bali pia na nyumba zenyewe, kwa kuwa paa la mabati lisilo na dari huanza kumwaga joto chumbani tangu saa nne asubuhi, na ukuta wa tofali za saruji unaoelekea magharibi hulihifadhi jua la alasiri na kulitoa usiku, saa ambazo watu wanataka kulala. Mwenye uwezo hununua kiyoyozi, ambacho hukipoza chumba chake kwa kuitupa hari kwenye uchochoro wa jirani.

Usanifu unaoiga maumbile, yaani ubunifu wa majengo unaochunguza jinsi viumbe wanavyokabili mazingira yao na kuzitumia mbinu hizo katika ujenzi, umekwisha kuonyesha njia nyingine. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, lilisanifiwa na Mick Pearce kwa kutazama kichuguu, ambacho kwa udongo wake mnene na vitundu vyake vidogo hubadilishana hewa na nje kwa kufuata tofauti ya joto la mchana na usiku, hata kuvu ambayo mchwa huikuza kwa chakula isidhurike. Katika Eastgate, feni huingiza hewa ya usiku ikapita kwenye sakafu nzito za zege, na ubaridi uliobaki humo huwafaa watu mchana unaofuata.

Hata hivyo, kuiga bila kupima ni kosa. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake hupoa, kama unavyopoa usiku wa Dodoma, ambako tembe za Wagogo, zenye kuta nene na paa bapa la udongo, zilitumia kanuni hiyohiyo kabla ya saruji kufika. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazina usiku wa namna hiyo. Huko kinachoupoza mwili ni kivuli na upepo, na kwa bahati njema jua hupiga zaidi kuta za mashariki na magharibi, ilhali kaskazi na kusi huingia vizuri kwa madirisha yaliyoelekezwa kaskazini na kusini.

Lakini dirisha lililoelekezwa vyema halina faida ikiwa mbele yake jirani amesimamisha ukuta mzima wa tofali, na hapo ndipo jambo hili linapowahusu wananchi wote wa mtaa. Kamati za urasimishaji wa makazi, ambazo tayari huwakutanisha wakazi ili wakubaliane kuhusu barabara, zikubaliane pia kuhusu njia za upepo: uzio uwe wa michongoma au tofali za matundu, upenu uwe mpana, na upande wa magharibi upandwe mwarobaini. Halmashauri nazo zidai kila ramani ioneshe mwelekeo wa jua na upepo kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, na mafundi wapewe mafunzo ya tofali za udongo za kufungamana ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukizihimiza.

Wakazi wa kila mtaa unaosubiri kupimwa waiweke hoja hii kwenye mkutano wao ujao, kabla bikoni hazijapandwa.