Miezi ya Mgonjwa na Uzito Wake

Yapo majaribio ya dawa yanayohesabu jambo moja tu: mgonjwa aliishi muda gani. Hesabu hiyo haina ubishi, kwani kifo hakibishaniwi. Lakini mgonjwa wa saratani aliyeongezewa miezi mitatu ya uhai, naye akapitisha miezi tisa akitapika kwa ukali wa dawa, ana haki ya kuuliza kama amepata faida au hasara.

Katika miaka ya 1980, Richard Gelber, Aron Goldhirsch na wenzao walibuni njia ya kuugawa muda huo katika mafungu matatu: muda wa madhara ya dawa, muda wa afya, na muda baada ya ugonjwa kurudi. Mwezi wa afya huhesabiwa mzima. Miezi ya mafungu mengine hupewa uzito baina ya sifuri na moja.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Ichukuliwe kwamba dawa kali huleta wastani wa miezi 9 ya madhara, 33 ya afya na 6 ya ugonjwa, jumla 48. Na dawa nyepesi huleta 1, 36 na 8, jumla 45. Uzito wote ukiwa 1, dawa kali hushinda kwa miezi 3. Madhara na ugonjwa vikipewa sifuri, hushindwa kwa miezi 3 ile ile. Vikipewa nusu, kila dawa hupata 40.5. Wagonjwa hawakubadilika, kilichobadilika ni maoni ya mwenye kalamu.

Basi mtafiti anayechagua uzito baada ya kuyaona matokeo aweza kuipa ushindi dawa aipendayo bila kusema uongo hata mmoja. Uzito hauna budi kuandikwa katika mpango wa jaribio kabla mgonjwa wa kwanza hajapangiwa dawa kwa kura. Utokane na wagonjwa wenyewe, maana daktari hatapiki kwa niaba yao. Tena matokeo yachapishwe kwa kila uzito, toka sifuri hadi moja, ili ionekane ushindi unageukia wapi.

Upo mtego mwingine, usiojulikana sana. Jaribio hufungwa wagonjwa wengi wakiwa bado hai. Muda wa kila mmoja ukipunguzwa kwanza kwa uzito wake, kisha ukatiwa katika mbinu ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, jibu hupotoka: aliyeishi kwa taabu hukusanya muda mfupi, akahesabiwa kama aliyeacha kufuatiliwa mapema, na wanaobaki katika hesabu ni wenye nafuu. Yafaa wastani wa kila fungu ukadiriwe kwanza kwa kundi zima, ndipo uzito utiwe.

Nchini Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 1990 liliwagawa kwa kura watu 1,338 wenye virusi vya UKIMWI wasio na dalili. Dawa ya zidovudine ilichelewesha ugonjwa. Mwaka 1994 data hiyo ilipimwa upya: katika miezi 18, muda usio na madhara makali wala kuendelea kwa ugonjwa ulikuwa wastani wa miezi 15.7 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, 15.6 kwa waliopewa miligramu 500 kwa siku, na 14.8 kwa waliopewa 1,500. Tiba ya leo ya UKIMWI hutumia dawa kadhaa kwa pamoja, na hesabu hiyo haiihusu.