Trekta Limefika, Maelezo Je?
Nilipokwenda kujifunza kuendesha trekta dogo la mkono katika shamba la shemeji yangu kando ya Mto Tana, Garissa, pampu yake ya maji ilikuwa imekwisha kuharibika. Kijana wa shamba aliiwasha ikiwa kavu, mpira wa ndani ukaungua. Onyo lilikuwamo kitabuni, kwa Kiingereza kitupu. Kijana huyo husoma Kiswahili bila taabu. Kisomali nacho huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, waagizaji wa mitambo watalazimishwa lini kuiheshimu? Nasi wanaisimu hatuna budi kujilaumu: tumebuni istilahi za semina, pampu tukazisahau. Siku hiyo tuliandika kwa makaa mlangoni mwa stoo: “Jaza pampu maji kabla ya kuwasha.”