Mvinyo wa kilimo-hai nao ni pombe

Wapo wagonjwa ambao, nikiwauliza kama wanakunywa pombe, hunijibu: "La, daktari, mimi hunywa mvinyo tu. Tena ule usiotiwa kemikali." Jibu hilo hutolewa kana kwamba ni cheti cha afya. Si cheti.

Kwanza tumpe mkulima haki yake. Mfano mzuri ni Mfaransa Marcel Lapierre, aliyefariki mwaka wa 2010. Mnamo 1973 alichukua shamba la familia yake huko Villié-Morgon, eneo la Beaujolais. Akifuata mafunzo ya mwanakemia Jules Chauvet, aliacha dawa za viwandani za kuua magugu na wadudu. Aliziacha zabibu ziive sawasawa, akaondoa zilizooza, akategemea hamira ya asili iliyotoka shambani na kutumia salfa kidogo mno au kuiacha kabisa. Alipata mvinyo mwekundu, mwepesi, wenye ladha ya pale ulipotoka. Wafaransa hukuita kule kuungana kwa udongo, mteremko na hali ya hewa terroir.

Kilimo cha namna hii kina faida ya kweli kwa afya, lakini anayefaidika kwanza ni mtu wa shambani. Mwaka wa 2012 Ufaransa iliutambua ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, kuwa ugonjwa wa kazini kwa wakulima waliotumia dawa za kuua wadudu. Anayeziacha hujikinga yeye na vibarua wake.

Lakini wewe unayefungua chupa hapa Nairobi au Mombasa? Sukari ya zabibu ikichachuka hugeuka pombe, shamba liwe lilitiwa samadi au mbolea ya dukani. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12.5 ina takriban gramu 15 za pombe halisi. Hiyo ni karibu sawa na nusu lita ya bia ya asilimia 4. Ini halibagui.

Kuna wanaosema mvinyo mwekundu hulinda moyo. Dai hilo lilivuma sana miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba wanywaji wa kiasi aghalabu walikuwa watu wenye kipato na mlo bora, ilhali miongoni mwa wasiokunywa walihesabiwa pia walioacha pombe kwa sababu ya maradhi. Kwa upande mwingine, tangu 1988 vileo vimeorodheshwa kimataifa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama hunywi, usianze kwa ajili ya moyo. Tembea, punguza chumvi, pima shinikizo la damu. Mja mzito asionje. Anayetumia dawa za kisukari, kifafa au usingizi amwone daktari kwanza. Na daktari akikuuliza, hesabu glasi zako zote, za kilimo-hai zikiwemo.

Wahenga walisema chema chajiuza. Mvinyo uliotengenezwa kwa uangalifu kama ule wa Lapierre unaweza kujiuza kwa ladha yake. Tusiuuze kama dawa.