Tega Kwanza, Mhadhiri

Bibi yangu kule Busawe hakutupa notisi. Alitega kitendawili, akanyamaza, tukahangaika wenyewe. Chuoni nikakuta kinyume: jibu linatangulia, swali linakuja siku ya mtihani.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo, watu wakabisha. Nyumbani nikaulizwa, "Wewe msomi, unasemaje?" Nilikuwa na digrii, sikuwa na pa kuanzia: nipime nini, nimwulize nani, nimwamini nani?

Msiniambie kufundisha kwa kuanzia na tatizo ni anasa ya Wazungu. Ni kweli McMaster, Kanada, walianza hivyo mwaka 1969 kwa wanafunzi wa udaktari. Lakini Chuo Kikuu cha Moi, hapo Eldoret tu, kimewafundisha madaktari wake hivyo tangu 1990, tena kikawapeleka vijijini.

Mtasema madarasa yamejaa. Sawa, yamejaa. Ila kitendawili hakidai projekta. Kinadai mwalimu anayeweza kunyamaza. Hilo ndilo linalotushinda. Matokeo yake tunazalisha wahitimu wanaotoa mji kabla hata hawajategewa.